Orodha ya Mlangoni kwa Mama Celine

Mgeni rasmi, Bi. Caren Wanzala, Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo yetu, mwalimu mkuu pamoja na walimu watatu waliobaki, naibu wa chifu, wachungaji wetu, wazazi mlioacha vibarua vya leo ili mje hapa, nanyi watoto mliokaa kwenye jua kwa sababu hema halikutosha:

MAKARIBISHO

Karibu Bwawani. Wimbo wa kukupokea ulikuwa wa beti sita, tumeupunguza ukawa wa beti mbili, kwa kuwa tunajua umetoka shule nyingine asubuhi hii na kuna nyingine inakungoja mchana. Na kusema kweli, sisi pia tumechoka. Mwaka huu tumekaa mikutano mingi kuliko harusi na matanga yakiwekwa pamoja, na mtu akishakaa mikutano mingi hivyo hutamani kulisema jambo lake mara moja, akaenda nyumbani kupika.

Risala hii inasomwa na katibu wetu, Magdaline Musimbi, ambaye hapa Mashimoni tunamwita Mama Celine. Ameichapa mwenyewe kwenye duka lake la fotokopi. Humu ndani ametajwa mara nyingi, na si kwa sifa peke yake. Alipoiona rasimu aliuliza kama mtu mwingine hawezi kuisoma. Mwenyekiti wetu, Bw. Obiero, akamjibu kwamba hakuna mwingine ambaye sauti yake inafika nyuma. Hiyo ilikuwa sababu ya heshima. Sababu yenyewe ni kwamba kamati ilikubaliana jambo hili lisomwe na yule aliyelibeba miezi yote hii, naye akafikiri siku mbili, akakubali. Kwa hiyo, Mgeni rasmi, ukimsikia akisema Mama Celine alifanya hivi, Mama Celine akalia vile, usidhani amechanganyikiwa. Anasoma kilichoandikwa na wenzake, na ametuahidi kutoruka mstari.

TULIKOTOKA

Shule hii ilianza kama vyumba vinne vya mabati chini ya mteremko, mahali ambapo maji yalikuwa yakituama kila mvua, na jina likatoka hapo. Serikali ilipoichukua ikatupa mwalimu mkuu, baadaye madarasa ya mawe, na juzi juzi ikatupa sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa. Tangu hapo mtoto wa Mashimoni au wa Gatwekera, mitaa yetu ya Kibera, aliweza kumaliza gredi ya tisa bila kuvuka Ngong Road. Kwa mzazi anayeamka hajui kibarua cha leo kiko wapi, hilo si jambo dogo.

Zamani tulijua kusoma matokeo. Mtihani ulikuwa wa alama mia tano. Mtoto akipata mia tatu na themanini, hata nyanya yake kule Busia alijua achinje. Akipata mia na themanini alijua pia, na hakuuliza zaidi. Magazeti yalizipanga shule kutoka ya kwanza hadi ya mkiani, nasi tukazijua kama tunavyozijua timu za mpira. Kisha serikali ikakataza kupanga shule, ikasema kupanga kunaumiza watoto. Hatukubisha. Baadaye mtaala ukabadilika, na alama zikageuka herufi.

Mgeni rasmi, wewe herufi hizo unazijua kwa kazi yako. EE ni mtoto aliyezidi matarajio, ME aliyeyafikia, AE anayeyakaribia, BE aliye chini yake, na kila moja imegawanywa mara mbili. Sisi hakuna aliyetukalisha chini akatueleza. Mzazi alipoona AE alisema hii si A, ni nini? Mwenyekiti wetu ametupa ruhusa tuandike kwamba alipoiona karatasi ya mwanawe imejaa BE1 alinunua kuku wawili na kreti ya soda, akawaita majirani wa ploti nzima. Mwalimu mmoja aliyekuwa miongoni mwa walioalikwa alijaribu kumvuta pembeni. Obiero akamwambia, "Mwalimu, B ni B. Na hii iko na one." Kuku waliliwa. Kesho yake ndipo alipoelezwa, na hakutoka nyumbani siku tatu.

Tunalitaja hili watu wacheke kidogo, maana yanayofuata hayachekeshi. Ila pia tunataka ujue ni watu gani waliokuwa wakizisoma zile karatasi.

MAFANIKIO

Sehemu hii ingekuwa ndefu kama tungeiandika mwaka jana.

Mwaka jana watoto arobaini na watatu walifanya mtihani wa gredi ya tisa hapa Bwawani. Hakuna aliyefichwa nyumbani, hakuna aliyesukumwa akajiandikishe kwingine ili shule ing'are. Mwalimu Wesonga, anayefundisha hisabati, alikuwa na kawaida ya kupita majumbani Jumamosi kuwatafuta waliokosa darasa wiki nzima. Msichana mmoja wa Gatwekera aliingia gredi ya saba akiwa hawezi kusoma aya moja hadi mwisho. Alitoka gredi ya tisa na ME2 ya Kiswahili. Kwenye karatasi yake inaonekana ME2 basi. Hakuna mahali panaposema alianzia wapi.

Mafanikio mengine ni Mama Celine mwenyewe. Matokeo yalipotoka, wazazi walimiminika dukani kwake kuyatafuta kwenye kompyuta na kuyachapisha. Alikuwa akimweleza kila mmoja herufi zake polepole, na asiyekuwa na chochote alichapishiwa bure. Wengi walitoka pale wakiwa na swali moja ambalo karatasi haikulijibu. Hawakuuliza mtoto wangu amejua nini. Waliuliza, "Na shule yetu imekuwa ya ngapi?"

Akaona swali hilo afadhali alijibu yeye.

KILICHOTUPATA

Tungetaka kuandika kwamba alikosea kwa uvivu, kwa maana mvivu ni rahisi kumlaumu. Mama Celine alikosea kwa bidii.

Alichukua daftari, akachagua shule saba za serikali za upande wetu na wa Kawangware ambazo watu walikuwa wakizitaja sana. Kila herufi ina pointi zake, kuanzia moja hadi nane, na masomo ni tisa, kwa hiyo mtoto anaweza kufika sabini na mbili. Alitaka kujumlisha pointi za watoto wa kila shule, agawanye kwa idadi yao, apate wastani. Hesabu yenyewe haikuwa na kasoro. Alichokosa ni karatasi za watoto.

Za Bwawani alizitafuta mwenyewe, kwa sababu yeye ni katibu na alitaka shule yake isisemwe vibaya. Kumi na saba zilikuwa tayari dukani. Nyingine alizifuata kwa miguu. Alishuka Gatwekera mara nne. Kuna nyumba alizokuta karatasi imekunjwa imewekwa chini ya godoro, mama hataki hata mtoto aione tena, naye akakaa, akanywa chai, akamwambia kila mtoto ahesabiwe, huyu wako si wa kutupwa. Alizipata zote arobaini na tatu. Siku alipoileta ya mwisho alikuwa na furaha, alituambia, kama mtu aliyemaliza kulima shamba lake kabla ya mvua.

Za shule nyingine aliomba. Kule Kawangware kuna shule tutakayoiita Mikaratusi kama inavyoitwa, na mwakilishi wa wazazi wake ni Bw. Kagiri, mwenye ploti huko Gatina. Nduguye Mama Celine ni mpangaji kwenye ghorofa lake. Mama Celine akampigia simu, akamwomba amtumie picha za matokeo. Kagiri ni mtu wa msaada. Alitangaza kwenye kundi la wazazi, na jioni hiyo hiyo akatuma picha kumi na tisa.

Mgeni rasmi, wewe umeshaona. Sisi ilituchukua hadi Aprili.

Wiki ya kufungua shule orodha ilibandikwa kwenye mlango wa duka. Mikaratusi ilikuwa ya kwanza, wastani hamsini na nne. Bwawani ilikuwa ya saba kati ya saba, wastani thelathini na tano. Mama Celine aliirudia hesabu mara tatu kabla ya kubandika, akitumaini amekosea kujumlisha. Alituambia alifikiria kuacha, akaona kuificha orodha kwa sababu shule yake imekuwa ya mwisho kungekuwa wizi. Akaibandika, akarudi ndani, akakaa nyuma ya mashine bila kuiwasha.

Watu walipiga picha mlango ule. Picha ilienda makanisani, ikaenda kwa vinyozi, ikaenda kwenye makundi ya simu. Mwanzoni waliohama walikuwa wachache, wenye uwezo. Kisha wengine wakaona wenzao wanahama, wakasema hawa lazima wanajua kitu. Fuata nyuki ule asali. Tulitarajia watoto mia moja na kumi katika gredi tatu. Januari walikuja hamsini na wawili. Kufikia Pasaka walikuwa thelathini na wanne, na hao wengi wao ni wale ambao wazazi wao hawakuweza kununua sare nyingine.

Tusiseme uongo mbele yako: wanakamati watano kati ya tisa tuliwahamisha wetu. Na Mama Celine alimhamisha Celine.

Hakutaka. Celine alikuwa anaingia gredi ya nane, na Mwalimu Wesonga alikuwa amemwambia mama yake kwamba mtoto huyu ana kichwa cha hesabu. Lakini kila mzazi aliyekuja dukani kuchapisha fomu ya uhamisho alimwuliza swali lile lile, na wewe wako unamwacha hapa? Angejibu nini? Orodha ilikuwa yake, mwandiko wake, mlango wake. Akimwacha Celine, watu wangesema anajua kitu ambacho hakukiandika. Wiki ya pili ya Januari akampeleka Mikaratusi.

Celine alianza kutoka nyumbani kabla jua halijachomoza, kwa miguu, kupanda hadi Ngong Road na kuendelea mpaka Kawangware. Darasani walikuwa mia moja na wanne. Hatuwasemi vibaya walimu wa Mikaratusi. Hata Musa kwenye Biblia, alipozidiwa na watu, aliambiwa atafute wasaidizi. Ila msichana aliyekuwa akirudi na maswali akawa anarudi na viatu vyenye matope na kulala, na mama yake, aliyekuwa akisahihisha hesabu zake kwenye kaunta ya duka, akawa hana cha kusahihisha. Alama zake za muhula wa kwanza zilishuka. Mama Celine alituomba tuandike kwamba hata hizo asingependa tuzisome kwa haraka. Muhula mmoja ni muhula mmoja, na mtoto aliyechoka hupimwa uchovu wake.

Aprili, Mwalimu Wesonga alikuja dukani kutoa fotokopi ya barua. Wakati ule walimu wawili walikuwa wameshahamishwa kwa sababu wanafunzi hawatoshi, na yeye alikuwa ameambiwa ajiandae. Mashine ilikuwa inapata moto. Alisimama mlangoni akaisoma orodha kutoka juu hadi chini, ingawa alikuwa ameiona mara nyingi, kisha akauliza bila kugeuka.

"Mama Celine, hawa wa Mikaratusi walikuwa wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Hao ni wenye walikuletea. Wenye walifanya mtihani ni wangapi?"

Hakujua. Hakuwahi kuuliza. Mwalimu Wesonga alimwomba daftari, akakaa kwenye kiti cha wateja, akachagua watoto kumi na tisa bora wa Bwawani kutoka kwa wale arobaini na watatu, akawajumlisha, akagawanya. Walipata hamsini na moja. Alimrudishia daftari. Alilipia fotokopi yake, akamshukuru, akaondoka. Mama Celine anasema afadhali angemgombeza.

Alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya hata siku ya msiba wake mwenyewe, akalia. Kisha akaenda Gatina kumwona Bw. Kagiri, akamkuta akisimamia fundi wa bomba. Alimwuliza kwa nini alimtumia za watoto wazuri tu. Kagiri alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si uliniambia nitume? Nilituma zenye nililetewa. Nani ataleta ya aibu kwa group?"

Watoto waliofanya mtihani Mikaratusi walikuwa mia moja ishirini na saba. Za wale mia moja na wanane wengine hakuna aliyeziona, na haikuwa kosa lao wala la Kagiri. Kila mahali wazazi waliofurahi walileta, waliohuzunika wakakunja karatasi wakaiweka chini ya godoro. Ni Bwawani peke yake ambako kuna mwanamke aliyeenda kuzitoa chini ya magodoro moja baada ya nyingine. Kama angekuwa mzembe kidogo, kama angechoka baada ya safari ya pili ya Gatwekera, tungekuwa wa pili au wa tatu kwenye orodha yake, na leo pengine ungekuwa umekuja kufungua maabara.

Aliitoa orodha. Akabandika karatasi nyingine inayoeleza kosa, kwa maneno mepesi, na namba yake ya simu chini. Lakini Mgeni rasmi, unajua jinsi watu walivyo. Uvumi hupanda boda boda, masahihisho huja kwa miguu. Alianza kupita nyumba kwa nyumba tena, safari hii akiomba radhi. Wengine walimpokea. Wengine walimwambia wameshanunua sare, mtoto ameshazoea, na mzazi mmoja alimwambia usoni kwamba hatamsikiliza tena akimwambia habari ya shule hadi afe. Watoto saba walirudi. Tukawa arobaini na mmoja.

Mei ikaja barua kutoka ofisini kwako. Ilisema sekondari msingi isiyofikisha wanafunzi arobaini na watano kufikia ziara hii itaunganishwa na nyingine, na kwetu nyingine yenye nafasi iko mbali kuliko Mikaratusi. Tangu barua ijulikane, jibu la wazazi limekuwa moja: nimrudishe kwa shule inafungwa? Kwa hiyo wanaokosekana wanakosekana kwa sababu ya barua, na barua iko kwa sababu wanakosekana. Tumelizungusha jambo hili kwenye mikutano sita, na kila mara tumetokea pale tulipoingilia.

Jumamosi iliyopita Mama Celine alimwambia binti yake kwamba atarudi Bwawani. Celine alikuwa akifua soksi. Tulitarajia angefurahi, kwa maana hakuipenda safari ile hata siku moja. Hakufurahi. Aliendelea kufua, kisha akasema, "Mum, ulinitoa Bwawani juu ya karatasi. Saa hii unanirudisha juu ya karatasi."

Mama yake alitaka kumwambia hii ni tofauti. Hakuona ni tofauti kwa namna gani.

"Ile ya kwanza nilisoma vibaya," akamwambia. "Hii ya pili sijui. Ukikataa sitakulazimisha."

Celine alianika soksi zote kabla ya kujibu. Alisema atarudi, kwa sababu Mwalimu Wesonga bado yuko, na kama Mwalimu Wesonga akihamishwa basi asiambiwe tena habari ya kuhama kwenda wala kurudi. Jumatatu alikuja na sare yake ya zamani, imekuwa fupi. Yuko kwenye mstari wa pili hapo mbele. Tulikuwa arobaini na mmoja, sasa tuko arobaini na wawili.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa mara ya mwisho. Tulikuwa tumepungukiwa na watoto watatu. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa nia yake ilikuwa njema, alisema tatu si namba ya kufungia shule. Kuna watoto wa ndugu zetu mitaani, wamo kwenye sajili za kwingine, wanaweza kuvaa sare wakakaa hapa siku moja. Orodha ya wanafunzi huchapishwa na nani? Na Mama Celine. Kuongeza mistari mitatu ni kazi ya dakika moja. Hakuna aliyekataa, Mgeni rasmi. Tunakuambia ukweli, hata mchungaji aliangalia sakafu. Tulimgeukia mwenye mashine.

Alikuwa amechoka kuliko sisi sote. Katika mwaka huu amelaumiwa na waliohama na waliobaki, biashara yake imeshuka nusu, na kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutaka mambo haya yaishe, ni yeye. Mistari mitatu ingemwondolea mzigo wote.

"Nilihesabu watu nusu, tukafika hapa," alisema. "Sasa mnataka nihesabu na wenye hawako. Mimi siwezi. Shule ikifungwa mniseme, nimeshazoea."

Wengine walikasirika. Tulitoka pale bila kuagana vizuri. Lakini Jumatatu asubuhi mwenyekiti alipita dukani kuchukua orodha, akaihesabu mbele yake, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha. Ndiyo bahasha uliyopewa ulipofika.

MAOMBI

Tunaomba uhamisho wa Mwalimu Wesonga usimame kwanza. Hatuombi mwalimu mwingine mpya, ingawa tunawahitaji. Tunaomba huyu abaki. Kuna watoto hapa ambao wamebaki kwa sababu yake, na mmoja umeshasikia masharti yake.

Tunaomba pia mtu kutoka ofisini kwako aje alasiri moja tu, mapema mwakani kabla watu hawajaanza kukimbia, atukalishe atufundishe kuisoma karatasi ya mtoto. Atuambie herufi inasema nini na haisemi nini. Na kama shule zitasemwa, maana watu watazisema hata mkikataza, basi tuambiwe waliofanya mtihani walikuwa wangapi, na ikiwezekana walianzia wapi. Mkinyamaza ninyi, atasema mlango wa duka. Hatukulaumu kwa kunyamaza. Tunakuambia tu kilichotokea kimya kilipokuwepo.

Ombi kubwa unalijua. Tunaomba sekondari msingi ya Bwawani isiunganishwe mwaka huu. Utupe hadi Januari. Ukitamka hapa leo, mbele ya wazazi, kwamba shule haifungwi, tunaamini wapo watakaorudi. Tunaamini tu, hatuna hesabu ya kukuonyesha, na tumeapa kutokutengenezea moja. Mama Celine amemrudisha mwanawe bila alama yoyote inayothibitisha kwamba amefanya vyema. Watu wachache hapa wana haki ya kukuomba uamini bila namba, na huenda sisi ndio wa mwisho kabisa kuwa nayo, lakini hatuna mahali pengine pa kuombea.

Utakapomaliza chai utapelekwa madarasani ukawahesabu watoto. Barua yako inataka arobaini na watano. Utakuta arobaini na wawili. Hakuna aliye mgonjwa leo, hakuna aliyechelewa, hakuna tunayemngoja kutoka njiani. Tungeweza kukuonyesha arobaini na watano na usingejua.

Mungu akupe macho ya kutuona tulivyo. Aubariki mkono wako utakapoishika kalamu, awabariki na watoto wako popote wanaposoma, na akufikishe salama unakokwenda. Kama jibu lako ni hapana, tunaomba utuambie leo, wewe mwenyewe, watoto wakiwa wamekaa hapa, ili tusilisikie mlangoni mwa mtu.

Ni sisi,
Wazazi wa watoto arobaini na wawili,
Sekondari Msingi ya Bwawani, Mashimoni, Kibera.